Maji Yaliyolala Kwenye Tangi la Koki

Mtaani walimwita Koki, kwa sababu kwa miaka mingi halikuvuja bomba pale bila yeye kuitwa. Alikuwa fundi wa maneno machache na mkono mwepesi. Mke wake alipofariki alijitengenezea tangi la kioo, refu kama benchi, akaliweka sebuleni chini ya dirisha na kufuga humo samaki wadogo wa mtoni, chujio la umeme likiwasafishia na kuwazungushia maji. Dada yake, aliyekaa nyumba ya pili, hakuona maana yake.

"Samaki asiyeliwa ni mgeni asiyeaga," alikuwa akisema. Koki alicheka tu, akaendelea kuwalisha.

Kisha macho yakaanza kumtupa mkono. Presha ya macho, daktari alisema. Jicho la kushoto lilizima, la kulia likabaki na ukungu. Koki akafungia spana zake sandukuni. Binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa muuzaji katika duka la dawa, akahamia kwake ili amtunze.

Binti alikuwa na huruma iliyopitiliza. Alimtangulia baba kila mlangoni, akamjibia maswali aliyoulizwa. Siku moja Koki alijikwaa kwenye waya wa chujio la tangi, uliokatiza njia ya kwenda bafuni, akaanguka na kuumia goti. Jioni ile binti aliling'oa chujio mahali pake, akalisokomeza kwenye kona iliyo karibu na soketi, nyuma ya jiwe kubwa. Waya ukawa hauonekani tena. Hakumwambia baba.

Haukupita muda samaki wakaanza kukaa juu, vinywa wazi, wakihema. Mmoja akafa. Binti alimtoa kwa kijiko, akamzika nyuma ya nyumba. Baadaye akazika mwingine, kisha wawili kwa mpigo.

"Samaki hawajambo?" Koki aliuliza kila asubuhi.

"Hawajambo, Baba. Wote wanacheza."

Aliona mtu aliyepoteza mengi hapaswi kuongezewa msiba. Ndivyo alivyofanya hata hospitali, daktari alipomwita pembeni. Aliporudi alimwambia baba kwamba dawa ya matone itasaidia, polepole.

Jumapili moja, binti akiwa uani anafua, Koki alipapasa ukuta mpaka kwenye tangi, akakunja mkono wa shati na kuingiza kiganja majini. Binti aliporudi na beseni alimkuta amesimama hivyo, maji yamemfika kiwikoni.

"Nani kahamisha chujio?"

"Mimi, Baba. Ule waya ulikuangusha."

"Maji ya huku yamelala." Alisogeza mkono taratibu hadi mwisho wa tangi. "Sisikii mkondo hata kidogo. Changarawe ina utelezi." Akatoa vidole, akavinusa. "Wamebaki wangapi?"

Binti aliweka beseni chini. "Watatu."

Koki akamgeukia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani nakupunguzia mzigo."

"Mzigo hukuupunguza, mwanangu. Umenipunguza mimi."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomliza binti.

Mchana ule walifanya kazi pamoja. Walichomoa umeme, wakafyonza uchafu uliooza chini kwa mpira wa maji, wakaongeza maji safi yaliyokuwa yametulia ndooni. Waya waliupitisha juu, Koki akiugongea vibanio ukutani kwa kupapasa.

"Chujio ulilielekeza kwenye jiwe," Koki alieleza, "likawa linachuja maji yaleyale, huku kwingine kunaoza. Liweke upande ule mfupi, juu, mdomo wake uangalie urefu wa tangi."

Walipowasha, alimtaka binti adondoshe chembe za chakula. "Niambie zinakwenda wapi."

"Zinakimbia juu. Zimegonga kioo cha mwisho. Zinashuka. Sasa zinarudi kwa chini, kuelekea kwenye chujio."

"Ndivyo. Juu ya maji pana mikunjo ya kuingiza hewa?"

"Ipo, kidogo. Ila yule mwenye mapezi marefu anasukumwa, Baba. Anashindwa."

"Lete lile jiwe mwisho wa tangi. Apate pa kujikinga."

Binti alilisogeza. Samaki akajivuta nyuma yake, akatulia. Koki alikuwa bado ameweka mkono majini.

"Na daktari alikuambia nini?"

Safari hii alimweleza yote: la kushoto halirudi, na la kulia matone yanalicheleweshea giza tu. Koki alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama daktari alitaja muda, akaambiwa hakutaja. Akasogeza kiganja mbele ya chujio.

"Inua mdomo wa chujio kidogo," alisema. "Bado unapuliza chini."

Yule mwenye mapezi marefu hakupona. Binti alimwambia baba kabla hajamtoa. Koki aliomba ampe mkononi, akampapasa mapezi, kisha akaenda naye nyuma ya nyumba na kumfukia mwenyewe.

Wawili waliobaki waliishi. Jicho la kulia lilizima kabla ya mwaka kwisha. Siku hiyo Koki hakula, na dada yake alikuja akakaa naye bila kutania. Kesho yake asubuhi Koki alimwomba binti ndoo. Aliteka humo maji ya tangini, akafungua chujio, akaanza kukamua sponji yake, akiupima uchafu kwa vidole.