Siku Niliyokwama Kwenye Mpaka

Jamani, hili naona haya hata kulisema, na ningelinyamazia maisha yangu yote lau si kwamba nusu ya Mji wa Kale walinishuhudia kwa macho yao na nusu iliyobaki wakatumiwa video, kwa hivyo heri mlisikie kwangu mimi niliyekwama kuliko kwa hao waongezao chumvi.

Nyumba yetu, tuliyoachiwa na marehemu bibi yangu, imepakana na ya Bi Zuhura, na katikati mna kichochoro chembamba ambacho hata paka hupita akikunja masharubu. Kichochoro hicho tumekigombea miaka na mikaka: mimi nataka kuweka tangi la maji, yeye ataka kujenga ngazi ya kupandia darini, hata salamu zetu zikawa za meno tu. Mwisho tukachoka, tukakubaliana aitwe mpima ardhi, na atakalosema ndilo.

Akaja Ijumaa baada ya swala, Bwana Mutua, mtu wa bara, mpole, na utepe wake wa kupimia. Akasema anahitaji mtu aingie mle kichochoroni ashike ncha ya utepe kule nyuma. Bi Zuhura akamtoa mkwewe, bwana mmoja mwembamba kama ufito.

"Huyu? Hapana!" nikaruka. "Atauvuta utepe kwao. Naingia mimi."

Mke wangu Mwanaisha akanishika mkono wa kanzu. "Baba Fatuma, wewe umetoka kula biriani, ukaongeza, ukaongeza tena."

"Mwanamume hapimwi kwa sahani," nikamjibu (maneno haya nayajuta mpaka leo).

Nikaingia ubavu ubavu na kanzu yangu nyeupe ya Ijumaa. Pale mwanzo pana nafasi, lakini kumbe ukuta wa kale nao una tumbo huko ndani, na matumbo mawili yalipokutana hakuna lililomwachia mwenziwe njia. Mbele siendi, nyuma sirudi.

"Umefika?" akauliza Bwana Mutua.

"Karibu," nikasema, na sauti imetoka nyembamba kama ya kifaranga.

Bi Zuhura, aliyeacha viazi vyake vya karai motoni, akachungulia. "Yarabi! Kakwama! Njooni mtazame!"

Nao wakaja. Wakaja waliotoka msikitini, akaja muuza kahawa na dele lake, akaja hata mtembeza watalii kutoka Ngome ya Yesu na wazungu wake, akawaeleza jambo nisilolisikia vyema, wakanipiga picha kwa zamu (sijui aliwaambia mimi ni wa karne gani). Fundi akaleta nyundo, watu wakamzuia, maana kuta za Mji wa Kale hazivunjwi ovyo bila ruhusa.

Bwana Mutua akakohoa kidogo. "Ruhusa tutaiomba, lakini atakayeiomba ni mwenye kichochoro, na ndiye atakayebomoa ukuta na kuujenga tena. Sasa nambieni, huyu bwana amekwama kwenye ardhi ya nani?"

Watu wote wakatugeuzia macho mimi na Bi Zuhura.

"Yake," akasema Bi Zuhura, akininyooshea mwiko. "Si ndivyo asemavyo siku zote?"

"Mimi? Wallahi, Bi Zuhura, hiki ni chako tangu enzi za wazee wako!"

"Sikitaki! Mashahidi hawa hapa!"

"Nami sikitaki!"

Ugomvi wa miaka yote hiyo, na sasa twasukumiana kichochoro kama watu wasukumianavyo mgeni asiyejua kuaga!

Aliyeniokoa ni Mwanaisha. "Bi Zuhura, leta mafuta. Yasiwe ya moto, tafadhali, huyu bado namtaka." Bi Zuhura akapanda juu na dumu, akanimiminia kutoka dirishani huku acheka mpaka machozi, na yule mkwewe mwembamba akaingia kama aingiavyo chumbani kwake, akanishika mkono, akavuta. Nikatoka. Kanzu haikutoka. Nikasimama mbele ya umma na kaptula yenye picha za mananasi, nang'aa mafuta mwili mzima, na mzungu mmoja akaanza kupiga makofi, na wote wakamfuata.

Kisha mkwe akarudi ndani na utepe (kwa raha zake!), Bwana Mutua akapima, akatangaza: mpaka wapita katikati, nusu yangu, nusu ya Bi Zuhura. Na hiyo nusu, ndugu zangu, haikai tangi wala ngazi, labda ufagio, nao usimamishwe. Tukatazamana mimi na Bi Zuhura, tukacheka, na jioni akatuletea sahani ya viazi na ukwaju.

Basi mwenye ugomvi wa mpaka amwite mpima, ndiyo haki, lakini amwache mwembamba aingie, hata akiwa mkwe wa adui yake. Mimi utepe nimekoma, hata fundi cherehani akitaka kunipima suruali namwambia akadirie kwa macho.