Kulaza Muhogo Bertrams

Kule Uvira hakuna mtu aliyewahi kutunza kijiti cha muhogo. Ukikitupa nyuma ya choo leo, baada ya wiki mbili kinakusalimia kwa majani. Ndiyo maana kila Mkongomani aliyepita kwenye bustani ya Bertrams, Johannesburg, mwezi ule wa tano, akamkuta Célestine ameinama juu ya shimo refu akilipima kina kwa mkono, alimuuliza amefiwa na nani.

"Shimo la muhogo," alijibu.

"Muhogo umekufa?"

"Bado. Ndiyo maana nachimba."

Célestine ni msusi. Kuanzia Jumanne hadi Jumamosi yuko saluni mjini kati, anasuka vichwa vya watu wanaoanza kulia kabla hajawagusa. Siku mbili zinazobaki ni za kipande chake cha ardhi, hatua kumi kwa sita, nyuma ya ukumbi mmoja wa zamani ambapo watu wa mtaa wamegawana matuta. Wenzake wanapanda spinachi na kabichi, kama watu waliokwisha kukubaliana na maisha. Yeye alitaka sombe, kisamvu cha kwao. Majani ya muhogo yanayouzwa kwenye friza za maduka, anasema, yana ladha ya friza.

Ila muhogo ni mtoto wa joto, na Johannesburg ikikaribia mwezi wa sita umande unaganda usiku. Asubuhi unaukuta muhogo umekuwa mweusi kama uliomwagiwa maji ya moto. Mwaka wa kwanza Célestine aliufunika kwa mablanketi mawili: baridi ikachukua muhogo, wezi wakachukua mablanketi. Mwaka wa pili alikata miti akaifukia ilale mpaka joto lirudi, lakini alichimba pale maji yanapotuama. Mwezi wa nane akafukua uji.

Mwaka huu alikuwa mwalimu. Shimo liwe mahali palipoinuka, kina kifike magotini. Chini majani makavu, juu yake vijiti, majani tena, udongo, plastiki, jiwe. Mwezi wa tisa unafukua, unakata pingili, unapanda. Kazi nyingine za kufunga msimu zilikuwa zimekwisha. Nyanya zilizochoka alizing'oa, lengalenga, mchicha wa kwao, iliyokauka aliikung'uta mbegu zake kwenye bahasha, vitunguu saumu vilikuwa ardhini, samadi imetandazwa. Ilibaki miti ishirini na minne ya muhogo. Haikuwa na akiba. Mama mmoja wa Msumbiji, wa mtaa wa La Rochelle, aliyemuuzia vijiti vya mbegu alikuwa amerudi kwao, namba yake haipatikani tena. Hii ikifa, sombe imekufa, basi. Na simu ilisema Jumatatu usiku digrii sifuri.

Aliamua kuilaza Jumapili baada ya ibada.

Jumapili hiyo mchungaji akatangaza kwamba Papa Emery amefiwa na mama yake huko Fizi, msiba uko nyumbani kwake, mitaa miwili kutoka bustanini. Akasimama Mama Marthe, mkuu wa akina mama, mwanamke ambaye hata akinong'ona anasikika barabarani.

"Wageni watakula sombe," alisema. "Dada yetu Célestine anayo."

Kanisa zima likageuka. Célestine alitabasamu kwa meno tu. Mboga ya nyumba ya msiba haiuzwi wala haikataliwi, hata bahili wa Uvira anajua hivyo. Na kusema kweli majani yenyewe hakuyahitaji, kwa sababu mti hulazwa ukiwa uchi. Alimvuta Mama Marthe pembeni.

"Majani tu, Mama Marthe. Kwa mkono. Mnisubiri nibadilishe nguo, na panga lisije."

"Dada, sisi tumezaliwa kwenye muhogo. Utatufundisha?"

"Hicho ndicho kinanitia hofu."

Alichelewa nusu saa. Alipofika geti lilikuwa wazi, na jirani yake wa tuta, Gaston, Mrundi wa Ngozi mwenye maoni juu ya kila kitu, alikuwa anamwagilia kabichi huku akipiga mluzi. Pale kwenye muhogo vilisimama visiki ishirini na vinne, vifupi kama vidole. Akina mama walikuwa wamefanya kama nyumbani. Nani anachuma sombe amesimama? Unakata mti mzima, unakwenda nao kivulini, unakaa, unachuma huku mnasengenya.

"Gaston. Miti yangu iko wapi?"

"Wamebeba yote. Nimewafungia mizigo vizuri," alisema Gaston, akingoja kushukuriwa. "Walisema pale msibani kuni zimepungua."

Célestine alitoka getini mbio. Alivuka taa za robot zikiwa nyekundu, na dereva wa teksi akamtukana kwa Kizulu, tusi refu lililomfuata mpaka kwenye kona.

Lakini mtu haingii msibani mbio akielekea jikoni. Unavua viatu, unashika mkono wa kila mtu, unakaa karibu na mfiwa, unalia kiasi cha heshima. Célestine alikaa. Dirisha lilikuwa mbele yake, na nje, uani, lilionekana sufuria kubwa juu ya matofali matatu, na chini yake muhogo wake.

"Ilianza na mguu," alisema Papa Emery.

"Pole sana, Papa."

"Mwaka elfu mbili na kumi na tisa."

Célestine anampenda Papa Emery, ni mtu mpole. Lakini alikuwa anausimulia ugonjwa mwezi kwa mwezi, na kwa kila hospitali aliyoitaja, mkono wa Mama Marthe kule nje ulisukuma kijiti kingine motoni. Walipofika hospitali ya Bukavu machozi yalimtoka Célestine ya kweli kabisa, na mama mmoja akampa leso.

"Papa, nisamehe," alisema mwishowe. "Niwasaidie jikoni."

Uani moshi ulikuwa mzito. Mama Marthe alikuwa anapepea kwa mfuniko, macho mekundu.

"Dada, kuni zako mbichi, zinatuua."

"Si kuni." Célestine alipiga magoti akaanza kuvuta vijiti, vile vya kando kwanza, kisha vya motoni, anavizungusha kwenye udongo kuvizima.

"Umekuja msibani kutoa kuni motoni?"

"Ndiyo."

Akina mama wakaacha kutwanga. "Ni mbegu," aliwaambia, bila kuinua kichwa. "Mbegu ya hiyo sombe mnayotwanga."

"Kijiti cha muhogo kitakosekana?" alisema Mama Marthe. "Utaokota popote."

"Popote wapi? Nitajie mtaa, Mama Marthe. Nitajie tu, nichukue teksi."

Mama Marthe akaangalia ukuta wa jirani wenye nyaya za umeme. Halafu akapata jibu la mtu aliyeshindwa: "Na sufuria itaiva kwa nini? Kwa hasira zako?"

Hapo alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuudhi Célestine kuliko moshi. Ukitoa kuni chini ya chungu cha msiba, unaleta kuni. Alirudi bustanini, akabomoa boksi la mbao alilojengea mboji, kazi ya wikendi mbili, mboji ikamwagika kwenye njia kama tumbo lililopasuliwa, akambebesha Gaston mbao.

"Mimi nimefanya nini?" aliuliza Gaston.

"Tembea."

Sombe ililiwa saa kumi na moja jioni. Ilikuwa tamu. Célestine aliitafuna akiitafutia kosa, hakuliona, akaongezwa sahani.

Jumatatu alfajiri alikuwa shimoni na vijiti kumi na kimoja, vitatu kati yake vimeungua ncha. Alikata penye kuungua, akavilaza. Gaston alileta gunia la nyasi kavu bila kuombwa, akaeleza jinsi Ngozi wanavyofanya. Majani, udongo, plastiki, jiwe. Mgongo ulimlia. Alikuwa ndiyo kwanza ananawa mikono geti lilipolia.

Mama Marthe aliingia na kitenge cha jana, hakusalimia. Mkononi alishika kijiti kimoja kirefu, kizima, macho yake yamevimba tayari kuchipua.

"Kilikuwa kimeegemea ukuta," alisema. "Fukua, ukiweke na wenzake. Na upesi, nimeacha watu msibani."

Célestine aliangalia jiwe, akaangalia plastiki, akaangalia kijiti. Kilikuwa kinene kuliko vyote.

Akapiga magoti, akasogeza jiwe.