Siku Argentina ilipochukua kombe na mtaa wetu mzima ukanyamaza

Wakuu, hodi humu ndani.

Mimi ni wale wa kusoma na kuondoka. Miaka yote nipo jukwaani, sijawahi kuanzisha uzi hata wa kuuliza simu gani inakaa na chaji. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani, na mtu pekee wa kumwambia hapa nyumbani ndiye huyo huyo linayemhusu.

Si chai, hadithi ya kubuni. Chai ina nyuzi zake, na huko mimi ni mteja mzuri tu. Hili limetokea kwetu, Tibirinzi, Chake Chake, Pemba. Majina nimebadilisha, maana kisiwa chetu ukipiga chafya Chake, Vitongoji wanakuombea rehema.

Nianze na mimi mwenyewe.

Kidato cha nne nilimaliza, matokeo tusiyazungumze. Ni mtu wa ndani. Safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani, na nikifika barazani napumzika kwanza. Sijaoa. Naishi kwa dada yangu, Dada Mize, na mumewe, Shemeji Shaame, fundi cherehani. Kazi yangu rasmi pale ilikuwa kumshonea vifungo na kumtania.

Sasa huyu Shemeji Shaame alikuwa Muargentina wa kuzaliwa Pemba.

Ugonjwa ulimuanza utotoni. Alichungulia dirishani kwa watu, kwenye mkanda wa video, akamuona yule mfupi wa zamani, namba kumi, anawapita Waingereza mmoja baada ya mwingine kama mtu anayekatiza shamba la muhogo. Akarudi kwao kalewa bila kunywa. Hajapona tena.

Mechi ile ile mfupi alifunga na goli la mkono. Nikimchokoza, "Shemeji, lile la wizi lile," ananijibu bila kuinua macho kwenye cherehani:

"Waulize kwanza Waingereza vile visiwa vya Argentina walivipataje."

Alijua mambo ya nchi ile kuliko mimi ninavyojua ya hapa. Kwamba pesa yao kila ukiamka imeshuka. Kwamba kuna akina mama walijifunga vitambaa vyeupe kichwani wakawa wanazunguka uwanja wa mji mkuu, wakiuliza watoto wao waliochukuliwa na askari wamepelekwa wapi. Hapo Dada Mize huacha kuchambua mchele akasema, "Maskini. Walirudishiwa?" Shemeji hutikisa kichwa tu.

Ila ukimuuliza Argentina yenyewe iko upande gani, alikuwa akinyoosha kidole Wesha, baharini, kwa uhakika kabisa.

Jezi alijishonea mwenyewe, enzi ambazo hazikuwa zikipatikana. Mistari ya buluu na nyeupe, mipana. Nikamwambia amevaa godoro la hospitali. Alinifukuza hadi kwa jirani, na nyie mnajua mimi kukimbia si fani yangu.

Sasa wakuu, hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo penyewe.

Dada yangu hajapata kutazama mpira hata mmoja. Yeye alikuwa akiusikiliza, kutoka jikoni. Argentina wakifunga, Shemeji anatoka mbio, anampokonya dada mwiko mkononi, anakwenda kulipiga bati la banda la kuku mpaka kuku wanataga kabla ya wakati. Na dada nyuma yake:

"Mwiko wangu, Shaame! Mwiko wangu!"

Hivyo ndivyo alivyokuwa akijua matokeo. Bati likilia, wamefunga. Kukiwa kimya, wamefungwa. Ile fainali ya Wajerumani, ya dakika za nyongeza, bati halikulia kabisa. Dada alipakua chakula akamuwekea Shemeji mbele yake na hakumuuliza kitu. Chakula kikalala hapo.

Mfupi wa zamani alipofariki, Shemeji alifunga duka. Kule kwao jeneza waliliweka ikulu, watu wakapanga foleni wanalia barabarani. Hapa kwetu majirani walianza kuja kumpa mkono wa pole kwa mzaha. Wakimuona uso, mzaha unawakauka mdomoni, wanakaa. Nikamuuliza kama nimuandalie hitima. Akaniambia, "Weye cheka. Yule mtu kanifurahisha mie, na hanijui."

Baada ya hapo matumaini yote akayahamishia kwa mfupi wa sasa. Dada naye alimkubali huyu, kwa sababu yake mwenyewe: "Huyu mtulivu. Anaonekana anamsikiliza mkewe."

Basi mwaka ule wa Kombe la Dunia la Uarabuni, Shemeji akaumwa. Sitaingia sana huko. Figo. Ilikwenda haraka kuliko tulivyokuwa tayari, na sidhani kama kuna mtu huwa tayari.

Siku moja kitandani akaniambia, "Mwaka huu mfupi anachukua. N'talipiga lile bati mpaka litoboke."

Nikamjibu, "Lina kutu lile, Shemeji. Utapata pepopunda."

Akacheka hadi akakohoa. Nikaenda kumchotea maji. Niliporudi kalala, na hakuzungumza tena.

Kwa hiyo neno langu la mwisho kwa mtu aliyenilisha miaka yote ile ni pepopunda. Nendeni nalo hilo.

Tukazika. Dada akaingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani.

Kombe likaanza. Mechi ya kwanza kabisa Argentina wakapigwa na Wasaudi. Mtaa mzima ukashangilia, Waislamu wenzetu hao. Mimi nikaruka kwenye mkeka, tusi zuri limeshaiva mdomoni, nikafika mpaka mlango wa chumba cha kushonea.

Cherehani imefunikwa khanga.

Nilisimama pale na tusi langu. Kisha nikarudi nikakaa.

Wakaanza kushinda, mechi moja baada ya nyingine, na mimi ambaye maisha yangu yote nilikuwa Brazil kwa ajili ya kumuudhi tu, nikajikuta naomba dua. Mechi hizo nilitazama kwenye simu, sauti nimezima. Dada alikuwa akiniuliza asubuhi yake, "Wamo bado?" Namwambia, "Wamo."

Siku ya fainali, alasiri, Mzee Kombo alikuja. Ndiye mwenye banda la kuonesha mpira, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuja na wenzake wawili, kofia mkononi kama watu waliokuja kuposa.

"Mwanangu," akaniambia, "sisi tumekaa tukaona. Mna mjane ndani. Leo watu watakuwa wengi. Tumekubaliana, hata iweje, hatutapiga kelele. Sauti tunazima. Anayetaka kushangilia ajing'ate. Unasemaje weye mwenye nyumba?"

Mwenye nyumba, wakuu. Mimi! Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nikajikohoza, nikasema tunashukuru sana, Mwenyezi Mungu awalipe, dada yangu ataona faraja.

Dada yangu alikuwa chumbani, hatua chache tu. Sikumuuliza.

Nikaenda bandani, mimi mtu wa ndani, nikapewa kiti cha mbele kama mfiwa.

Magoli mawili ya mwanzo wengi hawakuyaona, tulikuwa kwenye sala ya Magharibi. Tukarudi tunanyoosheana vidole viwili, kimya. Wafaransa wakasawazisha. Tukafunga la tatu, wakasawazisha tena. Dakika ya mwisho kabisa Mfaransa kabaki yeye na kipa, na kipa akautoa kwa mguu. Nawaambieni banda zima lilifungua mdomo na haikutoka sauti. Mtu mmoja aling'ata kofia yake ya kiua hadi akaitoboa.

Penalti. Ile ya mwisho ilipoingia, wanaume wazima walikumbatiana wanalia bila kutoa hata mguno. Mmoja alishindwa, akakimbia hadi njia kuu kupiga kelele zake huko. Mzee Kombo akanishika bega, akaninong'oneza, "Shaame kachukua."

Sijawahi kuona heshima kama ile.

Nikarudi nyumbani. Nikapita kwenye bati, nikalipapasa. Sikulipiga. Mlango wa dada umefungwa, taa imezimwa. Nikasema amelala, muache apumzike.

Asubuhi kanitilia chai. Macho yamemvimba. Akakaa, akasema taratibu:

"Bora hakuwapo."

"Nani, dada?"

"Shaame. Bora hakuyaona haya tena. Angelala na njaa."

Sikumuelewa. Nikamwambia, "Kuyaona yepi?"

"Si wamefungwa? N'likaa nasikiliza tangu Magharibi. Sikusikia kitu. Baadaye n'kasikia mahoni ya pikipiki mbali huko mjini, n'kasema hao wa Ufaransa hao."

Nikaweka kikombe chini.

"Dada. Wameshinda. Wamechukua kombe."

"Wameshinda, na watu wakanyamaza?"

"Kwa heshima yako. Mzee Kombo alikuja, mtaa mzima ulikubaliana..."

"Mlimuuliza nani?"

Akasimama, akaingia chumbani kwake, akatoka kashika mwiko. Mwiko wa jikoni, chumbani kwa mtu aliye eda.

"N'lilala nao huu," akasema. "N'likuwa nangoja niwasikie watu tu. N'toke hapo uani nimpigie. Yeye hawezi tena, n'kasema mie n'tampigia."

Nikainuka. Nikamwambia twende sasa hivi, dada, tukalipige.

"Sasa limeshapoa," akanijibu. Akaenda kuurudisha mwiko jikoni.

Wakuu, yule mtu kangoja tangu utoto wake, na huyu mama kakaa gizani usiku mzima anamlilia mumewe kwa kufungwa, ilhali nchi yao yote iko barabarani inaimba. Na aliyetia saini ni mimi, mwenye nyumba.

Mzee Kombo sijamwambia. Itamuua.

Dada alipotoka eda, akaoga, akavaa, watu walikuja, wakala, wakaondoka. Nilikuwa barazani, mahali pangu. Nikasikia bati.

Mara moja tu. Kuku wakatawanyika.

Nikachungulia uani. Amesimama mbele ya banda, mwiko umening'inia mkononi, kageuza uso kama mtu anayesubiri kujibiwa. Kisha akasema mwenyewe, kwa sauti ndogo, bila ukali wowote:

"Mwiko wangu, Shaame."

Nikarudi barazani.

Nilichojifunza ni kidogo, mtu wa ndani hajifunzi vikubwa. Mfiwa aulizwe. Msikae nje ya mlango wake mkamuamulia kinachomfariji, hata kama nia yenu ni nzuri kiasi cha kutoboa kofia.

Kama yamekufika ya namna hii, tuambie hapa chini. Na wewe uliyekuja kumsema mfupi wetu, sema. Brazil pia karibuni, tukaneni mnavyotaka.

Ila nawaombeni kitu kimoja. Msipite kimya.