Mama Mkwe Kwenye Choo cha Stesheni

Asubuhi za Same zina usingizi wake. Ukungu unateremka milimani bila haraka, unajilaza juu ya reli, na ukikaa pale mlangoni pa choo cha stesheni unaweza kuapa kwamba mataruma yanaelea. Hapo ndipo alipokaa Asnath kila treni ilipopita, na meza yake, kopo la sarafu na tishu. Haja ndogo, haja kubwa, bei moja: mia mbili.

"Jamani, hata kukojoa tunalipishwa!" watu walilalamika.

"Na maji nayo yananunuliwa, baba," Asnath alijibu kwa upole.

Basi wanalipa, wanaingia, wanatoka nyuso zimelainika, na treni inawachukua. Yeye hajawahi kuipanda. Husinzia tu, na katika kule kusinzia anakwenda nao, Korogwe, Ruvu, mpaka mahali asipopajua jina, penye taa nyingi, ambapo hakuna anayemwuliza anafanya kazi gani.

Maana swali hilo ndilo lililomtesa. Binti yake, Beatha, alikuwa akiposwa na Sebastiani, kijana wa Korogwe, na huko ukweni Beatha alikwisha kusema mama yake ana duka Hedaru. Duka! Mtu asiye na hata genge la nyanya! Asnath alipoambiwa iliuma, iliuma sana, lakini akameza. Siku ya posa jirani yake Agatha angemshikia kazi, naye angekuwa nyumbani Vudee, juu milimani, ndani ya kitenge kipya. Kwenye ukoo wao mama wa binti ndiye anayepakua sahani ya kwanza ya makande. Asipopakua yeye, akapakua shangazi, wageni watakula, lakini mama atahesabiwa kama hakumtoa mwanawe kuolewa. Sahani hiyo Asnath aliiota tangu Beatha yuko mgongoni.

Siku ikafika, Agatha hakutokea. Mtoto wake kashikwa na homa. Na treni ya wageni hiyo inapiga honi! Kufunga choo treni ikiingia ni kuitafutia kazi yako kaburi. Asnath akajitanda khanga mpaka kwenye nyusi. Wageni watashuka, akawaza, watakwenda zao, nami nitapanda gari la nyuma yao. Hawatanijua.

Wa kwanza kushuka alikuwa mama mnene, anakuja mbio kwa vihatua vidogo vidogo.

"Dada yangu, nisitiri! Nimejibana tangu Korogwe. Choo kinachoyumba mimi sikiwezi!"

"Ingia, mama, ingia! Utalipa ukitoka." Asnath akamsogezea na ndoo ya maji.

Alipotoka alijitupa kwenye benchi, akacheka, na Asnath naye akacheka, khanga ikamwangukia mabegani.

"Mungu akubariki. Mimi ni Veneranda, mama yake Sebastiani. Nakwenda Vudee kumposea mwanangu. Mwenzio naogopa! Mimi nauza vitumbua, na wenzangu wale wana maduka."

Asnath akaivuta khanga, lakini alikuwa amechelewa. Wamekwisha kutazamana macho kwa macho. Vudee haendi tena.

Mara Beatha akaja, amependeza, akitafuta wageni wake. Alipowaona wawili wale wamekaa pamoja, akasita.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Veneranda.

"Marahaba, mkwe wangu! Huyu dada kanisitiri, na pochi yangu iko na Sebastiani kwenye mizigo. Hebu mlipie."

Beatha akafungua mkoba. Akaweka sarafu ya mia mbili mezani. Asnath aliipokea bila kuinua uso.

"Ahsante, dada," alisema. "Safari njema."

Dada! Kwa mtoto aliyemnyonyesha! Aliiona Vudee ikielea huko juu ya ukungu, moshi wa jikoni, sahani imeshikwa na mkono wa mwingine. Akasema moyoni, na iende, ilimradi aolewe. Treni ikaondoka taratibu.

Beatha alikuwa ameshaanza kumwongoza Veneranda. Akasimama. Akarudi, na gauni lake la posa akapiga magoti kwenye saruji iliyolowa.

"Shikamoo, mama," alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Nisamehe. Funga choo twende nyumbani. Nani atawapakulia wageni wetu?"

Veneranda alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, mdomo wazi. Asnath aliinuka na kufuli mkononi, lakini machozi yalimjaa, akawa anauchomeka ufunguo pembeni, unateleza, anauchomeka tena.

"Lete hapa, mkwe," Veneranda alisema, akamnyang'anya ufunguo. "Hilo la duka tutagombana njiani."

Akafunga mlango mwenyewe, akauvuta kuhakikisha.