Shubiri Moja ya Zege

Saa kumi na moja alfajiri, fundi mwashi Geng Baoshan amelala chali chini ya meza ya zege ya klabu ya mpira wa meza ya kijiji cha Gengzhuang. Anaigonga kwa kidole, kisha anasikiliza.

"Bado nzima," anasema, akijikung'uta vumbi. "Mimi ndiye nisiyejua kama ni mzima."

Ana miaka 67, na leo anaikata meza hiyo. Mashindano ya wazee ya wilaya yanakuja kijijini kwetu kwa mara ya kwanza, lakini waandaaji wamesema wazi kwamba meza iliyozidi kipimo haichezewi. Ikipasuka, mashindano yatakwenda kwingine na klabu itabaki na kifusi.

Kosa lenyewe lina miaka 52. Mama yake alipokwenda mjini kuuza mayai, aliipima meza ya shule kwa uzi wa kushonea viatu. Baba yake, Geng Youfu, naye mwashi, akaongeza shubiri moja ya urefu kwa tahadhari kabla ya kumwaga zege.

"Upana ulipona kwa sababu mbao za kuzuia zege ziliisha," Baoshan anacheka.

Mwaka uliofuata vijana wetu walikwenda kushindana mjini, na kila mpira waliopiga ukaruka nje. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Waliporudi, hakuna aliyethubutu kumwambia fundi avunje meza yake. Wakachora mstari mwekundu pale urefu halali unapoishia: mpira ukiuvuka, umepoteza.

Kwa mstari huo, na matofali badala ya wavu, wametwaa kombe la wilaya mara saba. Nimekulia hapa, na bado nabaki mdomo wazi nikiona mipira yao inavyotua pale pale ukingoni.

Baoshan hupata yuan 200 kwa siku ya ujenzi. Kwa kazi hii amekataa malipo.

"Baba mdogo, ukiipasua utahama kijiji," Xing Hongmei, mwenyekiti wa klabu, anamwambia.

"Nitahama, na godoro utanibebea wewe!"

Mashine ya kukatia zege inanguruma. Mara cheche zinaruka, naye anaizima haraka.

"Humu hamkupaswa kuwa na chuma," anasema. "Nondo hazikupatikana wakati ule. Baba alituambia ameweka mianzi."

Anaendelea polepole, huku Hongmei akimwagia maji. Baada ya saa mbili kipande kinashuka juu ya magunia ya mchanga. Meza haina hata ufa. Watu wanashangilia, lakini fundi amepiga magoti mbele ya kile kipande. Vyuma sita vya mraba vinang'aa pale kilipokatwa. Anabandua zege kwa nyundo, na rangi ya buluu inatokea.

"Hizi ni nondo za dirisha letu," anasema. "Rangi hii niliipaka mimi."

Nondo hizo zilitoweka wiki ile ile meza ilipomwagwa. Kila alipolitazama dirisha hilo, mama yake alimlaani mwizi, mpaka alipofariki.

"Na baba alikuwa akimsaidia kulaani," Baoshan anasema, "tena kwa sauti kubwa kuliko yake."

Nimeandika habari za watu kwa miaka ishirini, na haya nayaandika neno kwa neno.

Mashindano ni mwezi ujao, na Baoshan amejiandikisha kucheza. Kabla ya hapo kuna siku ya kufagia makaburi. Anataka kukibeba kile kipande kwa toroli mpaka kwa wazazi wake, waliozikwa pamoja.

"Nitamwambia mama mwizi amepatikana," anasema, akifuta macho kwa mkono wenye vumbi. "Amelala hapo hapo ubavuni pake."