Ringi Ndogo za Katekista

Baba yangu alikuwa mtu mfupi mwenye baiskeli ndefu. Ilikuwa ile nyeusi ya ringi ishirini na nane, ambayo nusu ya Ufipa imebebea mahindi na nusu nyingine imebebea wagonjwa. Yeye alikuwa katekista wa kigango chetu, kule mbele ya Kasense, na kazi yake kubwa haikuwa kufundisha watoto sala. Ilikuwa kwenda kwa watu wanaokufa. Padri alikuwa mmoja na vigango vingi. Mtu akizidiwa, aliyefika kwanza na kitabu cha sala alikuwa baba.

Ujanani alirusha mguu juu ya siti bila kufikiri. Goti lilipoanza kukaza, akawa anatafuta mahali pa kupandia. Nyumbani palikuwa na jiwe. Kwa watu, akishamaliza sala na kuaga, wenye nyumba walimtolea kinu, wakakipindua, naye akapanda juu yake kama anayepanda mimbari. Nimewahi kumwona mjane, machozi hayajakauka, akifuta kitako cha kinu kwa khanga ili katekista asiteleze. Shida ilikuwa njiani. Akiteremka kwa sababu yoyote, alisukuma baiskeli mpaka akute kichuguu.

Siku moja kichuguu kilikuwa na unyevu. Akarudi na mkono umevunjika.

Sisi watoto wake tukakaa kikao, tukamwambia sasa apumzike.

"Nimesikia," alisema. "Nitajieni anayekwenda badala yangu."

Dada yangu akasema tutamlipia bodaboda.

"Nimeshapanda bodaboda. Ananisubiri nje anapiga honi. Ndani mtu anakata roho, nje honi. Mmemaliza?"

Tulikuwa tumemaliza.

Mimi nauza mitumba mjini Sumbawanga, na sina sifa nyingine ila hii: kila kitu nakihesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa macho na ya pili kwa mashaka. Mkono wa baba ulipokaribia kupona, nilipita Milanzi kwa jamaa aliyeshusha baiskeli za mtumba. Kati ya hizo kulikuwa na moja ya mbio, nyembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo, ringi zake ndogo kuliko za wenzake.

"Hiyo ya mtoto, mkubwa," akaniambia. "Ringi ndogo."

Nikaitazama. Pedali za mtu mzima, siti ya mtu mzima, gia nyingi kuliko akili ya mtoto yeyote ninayemjua. Nikahesabu spoki za gurudumu la mbele, nikarudia. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mzima aliyenyimwa urefu. Sikusema.

"Kama ya mtoto, nipe bei ya mtoto."

"Aa, mshikaji, mbio hiyo!"

"Sasa ni ya mbio au ya mtoto? Chagua moja nikusikilize."

Akachagua vibaya. Bei sitaitaja, kwa sababu bado tunasalimiana.

Fundi wangu, mtu asiyecheka mpaka umlipe, aliizungusha akasikiliza, akaminya breki. "Umenunua matatizo yenye breki nzuri," alisema. Akanionyesha maandishi ubavuni mwa tairi: ishirini na tatu, kistari, mia tano sabini na moja. "Ya mwanzo unene. Ya mwisho ndiyo kiti chake, pale tairi linapokaa kwenye ringi. Sasa njoo uone." Akaleta tairi la baiskeli hizi za kupandia milima, lililojaa kila duka. Lilisomeka mia tano hamsini na tisa. "Yote mawili dukani wanayaita ishirini na sita. Hili halikai pale hata ulibembeleze."

"Basi tubadilishe ringi zenyewe, tuweke za kawaida."

"Breki hazitafika. Na foku hii inayoshika gurudumu ni nyembamba. Tairi nene litakwama kama ng'ombe kwenye mlango wa jiko. Zile kubwa za mbio haziingii. Ishirini na nane usiitaje mbele ya watu." Akafuta mikono. "Chagua, kaka. Baiskeli yenye tairi kila duka na mzee hapandi, au baiskeli anayopanda mzee na tairi utafute mpaka uzeeke wewe."

Mimi biashara yangu yote imesimama juu ya kitu kinachopatikana. Nikachagua kisichopatikana. Fundi akaupindua usukani, pembe zikatazama juu, ili mzee akae wima kama mtu mwenye heshima zake.

Tairi nilizitafuta kwa simu, Kariakoo, kwa mama mmoja anayeuza vipuri. Nikamwambia asiangalie ishirini na sita, aangalie mia tano sabini na moja. Nikamwandikia. Nikampigia. Nikamwandikia tena.

"Kaka," akajibu, "hata darasa la saba namba wanafundisha."

Zilifika kwa basi, unene ishirini na tano, afadhali kidogo kwa barabara zetu. Nilizisoma pale pale ofisi ya mizigo, kisha nje kwenye jua.

Baba aliilaza baiskeli kidogo upande wake, akavusha mguu juu ya lile bomba la fremu lililokaa chini, akaondoka. Hakutafuta jiwe. Kwenye lami alipanda; kwenye njia za mawe aliteremka akasukuma, kwa sababu tairi nyembamba na mawe si marafiki, lakini kuteremka hakukumtisha tena. Alipofika tena kwenye udongo laini alipanda popote aliposimama. Kwa misimu miwili ya mahindi hatukusikia habari za kuacha.

Tairi la nyuma likaanza kuonyesha nyuzi. Aliyeliona si mimi. Ni katibu wa jumuiya, dada mmoja mfupi, mwalimu wa watoto wa komunyo ya kwanza. Hakutuuliza. Alizunguka nyumba kwa nyumba; huyu akatoa debe la mahindi, yule ulezi, mwingine jogoo. Akauza vyote, akaja mjini mwenyewe, akanunua jozi mpya. Jumapili, kwenye maandamano ya vipaji kwenda altareni, kati ya maboga na kuku waliofungwa miguu, nikaziona tairi zinakuja zimevishwa maua. Padri akazinyunyizia maji ya baraka. Vigelegele.

Nilikuwa benchi la pili. Zilipopita kando yangu nikasoma ubavuni: mia tano hamsini na tisa. Nikasoma tena, nikitumaini macho yangu ni ya kizee.

Nyumbani nilimwambia baba, "Nipe, kesho nazibadilisha. Duka nalijua."

"Kitu kilichobarikiwa hakiuzwi."

"Siuzi. Nabadilisha."

"Wewe kila unachobadilisha kinarudi kimepungua."

"Basi niagize nyingine Dar, hizi tuzitundike."

"Watu wataona tairi ngeni, watauliza zao ziko wapi. Wale wametoa mbegu, unanielewa? Mbegu. Niwaambie hazinitoshi?" Akazitundika ukutani juu ya kitanda, maua yake na yote. Aliyemuuliza alimwambia anazitunza kwa ajili ya masika. Akaendelea na za zamani, na mimi nikakatazwa kupiga simu Dar.

Masika yalikuwa hayajafika. Asubuhi moja aliitwa kwa mzee mmoja, mwenzake tangu utoto, aliyekuwa amelala siku nyingi. Katikati ya safari tairi la nyuma lilichanika ubavu, si pancha ya kuziba. Alisukuma. Lami yote ile, aliyoizoea kuipita akiwa amekaa, aliipita kwa miguu na goti lake. Alipofika, wanaume walikuwa wanachemsha maji ya kumwoshea maiti.

Mke wa marehemu hakumlaumu. Alimwambia tu, "Alikuwa anauliza kila anaposikia mlio wa baiskeli." Baba alinisimulia maneno hayo usiku huohuo, mara moja, hakuyarudia tena.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, alisimama.

"Mlinipa tairi," alisema, "mkajinyima vya midomoni mwenu kwa ajili yangu. Hazinitoshi. Nilinyamaza ili nisiwatie aibu, na mwenzetu amekufa ananisubiri. Aibu ilikuwa iwe yangu na yenu kidogo, tungeigawana ikaisha. Sasa imekuwa yake."

Akaketi, hakungoja jibu.

Jioni yule katibu alikuja nyumbani, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, baba. Ni mimi niliyenunua."

"Marahaba, mwanangu. Ulinunua vizuri. Ulinunulia baiskeli nyingine."

Hakucheka. Akaomba aonyeshwe namba yenyewe. Akapiga magoti kando ya baiskeli, akaisoma kwa sauti, akapitisha kidole juu ya maandishi. Tairi zilizobarikiwa alipewa mfugaji wa Kisukuma anayeleta maziwa kwa baiskeli ya milima. Kupewa si kuuziwa, baba alisema. Za mia tano sabini na moja ziliagizwa upya, na safari hiyo aliyepokea mzigo stendi alikuwa yule dada. Nilimkuta ameshazikagua. Nikazikagua tena, akaniangalia kama mama wa Kariakoo anavyoniangalia kwenye simu.

Baridi ya mwaka uliopita ilimkuta baba kifua kimechoka. Alifika getini akarudi. Siku ya tatu akamwita yule katibu, akamwambia apande baiskeli. Miguu ilifika chini sawasawa. Waliokuwepo walinong'ona kidogo, mwanamke, tena juu ya pembe zile. Baba akawauliza nani kati yao anatosha pale. Mimi nilijipima kwa macho. Magoti yangu yangegonga kidevu.

Hivyo ndivyo baiskeli ilivyoondoka kwetu, bila bei.

Wiki za mwisho tulikihamishia kitanda chake karibu na dirisha. Mchana mmoja wa upepo, nikiwa nimemshikia kikombe cha uji, tukasikia baiskeli inasukumwa uani, frii ya gurudumu la nyuma inalia taratibu. Yule katibu akaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi, kitabu cha sala mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Kwa yule bibi wa bondeni. Waliniita alfajiri."

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta yu hai, baba. Tulisali wote. Aliitika mwenyewe mpaka mwisho."

Baba alifumba macho. Nilidhani amelala, nikaweka kikombe chini. Kisha akatoa mkono ndani ya blanketi, akamtafuta.

"Haya," alisema. "Sasa fungua kitabu, anza na mimi."