Mtu Aliyeshika Sikio Kwenye Picha ya Treni

Waliokuwa kwenye bwalo la shule siku ile ya picha za reli nawakumbuka wote. Mimi nilikaa benchi la mbele, upande wa ukuta, nimeletwa na mjukuu wangu wa kike, binti wa mwanangu wa kwanza, yule anayesomea uuguzi Haydom. Nyuma yangu alikaa shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Nasema marehemu kwa mazoea tu, mbele huko mtaona kwa nini neno hilo linanikwama. Kando ya shemeji alikaa mzee wa Balangdalalu ambaye zamani alikuwa utingo wa lori. Si ndugu yetu, ila mama yake na mama yangu walichota maji chemchemi moja. Mlangoni alisimama mwalimu, mjukuu wa shangazi yangu. Halafu mama wa picha, mgeni kutoka mjini, yeye hakuwa na udugu na mtu. Waliobaki ni watoto wa shule na majirani wa hapa kwetu Gendabi, wakulima kwa wafugaji. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao pia, lakini siyaandiki. Wana wajukuu.

Mama wa picha alisema amekuja na picha za sinema za zamani za usafiri, barabara, malori, mabasi na reli. Zilikaa kwenye makopo ghalani miaka mingi, sasa zimeingizwa kwenye kompyuta, wanazizungusha vijijini ili wazee waseme wanachokumbuka. Mwalimu alitundika shuka mbili nyeupe zilizoshonwa pamoja. Madirisha wakayaziba kwa mablanketi ya bweni, na saa nne ya asubuhi bwalo likawa giza kama ndani ya ghala la mahindi.

Kwanza yalikuja malori. Lori moja lenye pua ndefu lilipanda mlima likitoa moshi, na mzee utingo akaruka kama amechomwa na siafu.

"Hilo! Hilo nalijua! Lilikuwa halimalizi kona mpaka tushuke tusukume!"

Mtoto mmoja akauliza kutoka nyuma, "Babu, kwani lilikuwa linawabeba nyinyi, au nyinyi ndio mlikuwa mnalibeba?"

Bwalo zima likacheka. Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, na mjukuu wangu akaninong'oneza, "Bibi, hupendi?" Nikamwambia, "Naangalia." Lori kama lile nalijua kuliko wao wote, kwa sababu liliwahi kunipita.

Sasa nirudi nyuma kidogo, msije mkanipotea.

Mume wangu aliondoka na lori lililokuwa likikusanya vijana wa kwenda kujenga reli ya Zambia. Nilikuwa na mtoto mmoja anayetembea na mimba ya miezi minne. Alisema anakwenda misimu miwili, wa masika na wa vuli, arudi na bati. Misimu miwili ikapita, hakuna barua, hakuna mtu aliyemwona. Yule wa tumboni akazaliwa, msichana, akaanza kukaa. Mama mkwe wangu akamwita mwanawe mdogo, yaani huyu shemeji, akamwambia, "Nenda ukamtafute kaka yako. Usirudi bila neno lake." Mimi nilisaga unga wa safari siku mbili, debe zima la mtama, kwa jiwe. Mikono ilitoka malengelenge. Nilifurahi kusaga.

Shemeji hakukaa sana huko. Jioni moja, jua halijazama, tulimwona amesimama nje ya uzio, ametugeuzia mgongo. Kwetu mtu akisimama hivyo hakuna haja ya kusema mengi. Alisema neno moja tu, kwamba reli imemchukua. Mama mkwe akaanguka chini.

Hapo ndipo lilipo kosa letu, na niseme wazi kwamba ni letu sote. Mleta habari ya kifo kilichotokea mbali haulizwi. Humuulizi alikufa wapi, nani alimshika kichwa, kaburi liko upande gani. Ukimuuliza, wazee walisema, unakionyesha kifo njia ya kuingia nyumbani. Kwa hiyo hatukuuliza. Hata mama yake hakuuliza. Tulilia, nikanyolewa nywele, moto wangu ukazimwa kwa maji, nikatengwa, maana mjane aliaminika kubeba kifo na kumwambukiza anayemgusa.

Wasichana wa siku hizi hawajui kutengwa, na ni vizuri wasijue. Nilikaa mwaka mzima kwenye kibanda pembeni mwa shamba, karibu na korongo. Nilikuwa na kibuyu changu, chungu changu, na kijia changu cha kwenda majini baada ya wengine wote kumaliza. Chakula kiliwekwa juu ya jiwe, aliyekileta akarudi nyuma ndipo mimi niende. Hakuna mkono wa mtu ulionigusa. Mwanangu mkubwa alichukuliwa na bibi yake kwa sababu alishaacha kunyonya. Yule mdogo, kwa kuwa alikuwa ananyonya, akatengwa na mimi. Alijifunza kutembea kwenye kibanda kile na hakuwa na mtu wa kumwendea ila mimi.

Mvua zilipoanza kifua kikambana mtoto. Nilisimama kwenye kilima nikapiga kelele, watu wakaja wakasimama mbali, wakanionea huruma kutoka mbali hivyo hivyo. Nikamfunga mgongoni nikashuka barabarani. Lori likaja, lile lenye pua ndefu, likapunguza mwendo. Utingo akaning'inia nje kunikaribisha, kisha akaona kichwa changu na kibuyu changu. Akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, unajua mwenyewe." Akagonga bodi, lori likaondoka. Ndiyo, ni huyo huyo mzee utingo. Sikumchukia. Angenipandisha, abiria wote wangeshuka, hata wagonjwa.

Nilitembea siku mbili mpaka hospitali ya Haydom. Mimi nilifika. Mtoto hakufika.

Mwaka wangu wa kutengwa ulipoisha, nikaoshwa, nikarudi kwa watu. Shamba la mume wangu lilikuwa likilimwa na shemeji. Nikapewa kipande kile cha korongoni, ambacho mimi na mawe tunagawana. Muda si mrefu serikali ikatuhamishia kijijini, sote, na kibanda nikakiacha na paa lake. Hilo la kuhamishwa mlishike, maana ndilo nililolitumia kupima mambo.

Basi bwaloni, baada ya malori na mabasi, ikaja treni. Imepambwa matawi na bendera, watu wanapunga mikono kando ya reli. Ikasimama kwenye stesheni mpya, chokaa bado nyeupe. Wanaume wakaanza kushusha magunia wakipita mbele ya kamera mmoja mmoja. Wa tano alikuwa na kofia na viatu. Gunia lilikuwa bega la kushoto, na mkono wa kulia umeshika sikio lake mwenyewe.

Mume wangu alichanwa ndewe ya sikio la kulia na pembe ya ng'ombe akiwa mchungaji mdogo. Tangu hapo, kila akibeba mzigo alilishika sikio lile, kama mtu anayezuia lisianguke. Mama yake alikuwa akimtania, "Utalibeba sikio au kuni?" Sijaona mtu mwingine akifanya hivyo, na nimeona watu wengi wakibeba mizigo.

Mtu wa kwenye picha akageuka, akaiangalia kamera, akacheka. Meno ninayajua. Alikuwa amenenepa. Maiti wangu alikuwa amenenepa.

Nikasema, "Rudisha."

Mama wa picha akadhani sijasikia vizuri. "Bibi, tuendelee, mbele kuna mabehewa ya abiria."

"Rudisha, mwanangu. Hapo kwenye magunia."

Akarudisha. Akarudisha tena mara ya tatu. Watoto nao wakajua kuna jambo. Nikamuuliza mama wa picha, "Hii ilipigwa kabla ya watu kuhamishiwa vijijini, au baada?"

Akaangalia karatasi zake. "Baada, bibi. Hapa reli imeshakwisha kujengwa. Hii ni treni ya mwanzo mwanzo."

Nikageuka. Sikuwa nimemgeukia shemeji yangu uso kwa uso kwa miaka mingi, tulikuwa tunasalimiana kwa pembeni. Mwanga wa picha ulimpiga usoni, nikaona na yeye ameliona sikio.

"Shemeji," nikasema, "ulifika wapi?"

"Hayo ni mambo ya zamani."

"Ndiyo. Na picha ni ya zamani. Ulifika wapi?"

"Macho ya uzee hayo," akasema akiangalia watu, akitafuta wa kucheka naye. "Wanaume wanafanana. Hata mimi nikivaa kofia utasema ni yeye."

Hakuna aliyecheka. Mjukuu wangu akanishika mkono, "Bibi, twende nje upate hewa." Nikamwambia hewa ninayo. Ndipo yule mzee utingo, aliyekaa kando yake, akamgonga goti kwa fimbo.

"Mjibu mwanamke. Ameuliza kwa heshima."

Shemeji akainamisha kichwa. "Singida," akasema. Singida si hata nusu ya njia.

"Halafu?"

"Miguu iliniuma. Nilikaa kwa watu pale."

"Ulikaa siku ngapi?"

"Mpaka unga ulipoisha."

Unga ule niliousaga. Nilijiona nimeinama juu ya jiwe, nikiimba. Nikamuuliza la mwisho, "Kwa nini ulisema amekufa? Si ungesema hukufika?"

Akajibu kama mtoto aliyevunja chungu, na yeye mzee wa mvi. "Ningesema sikufika, mama angenituma tena. Nilijua kaka atarudi tu mwenyewe. Nikajua akirudi tutacheka."

Mashine ilikuwa bado inavuma, na pale kwenye shuka mtu wangu amesimama na gunia lake, hashushi wala hapandishi. Mzee utingo alikuwa amekaa mdomo wazi. Nadhani ilimchukua muda kuyaunganisha, lori na kibuyu na mtoto. Kisha akasema polepole, hakumwambia mtu yeyote:

"Basi tungekupandisha."

Akarudia, "Mama, basi tungekupandisha." Akatoka nje akipapasa ukuta, na mimi nikashindwa kukaa. Mjukuu akanitoa.

Mwalimu aliniambia baadaye kwamba waliendelea na picha mpaka mwisho kwa sababu watoto walikuwa wameahidiwa. Sawa.

Tangu siku hiyo wameshakuja mara mbili. Mara ya kwanza walikuja wazee, wakasema shemeji yuko tayari kutoa kondoo na pombe ya asali, tukae, tumalize, maana sote tunaelekea kaburini. Mara ya pili alikuja mwinjilisti akanisomea habari za kusamehe, akanywa chai yangu. Wote niliwajibu jambo moja. Sitaki kondoo. Kipande cha korongoni nimeshakizoea, hata shamba silitaki. Ninataka shemeji aje asimame nje ya uzio wangu, kama siku ile alipogeuza mgongo, safari hii ageuze uso, awaambie wajukuu zetu wote kwamba hakufika. Na waruhusiwe kumuuliza. Wamuulize mpaka wachoke. Mpaka leo hajaja. Nasikia anasema namdhalilisha.

Na huyu mwingine, wa kofia, sijui nimweke wapi. Shemeji alidanganya kwa sababu ya miguu. Wewe uliyekuwa na viatu, miguu yako ilikuwa na nini? Kutoka stesheni ile mpaka kwetu kulikuwa na treni, kulikuwa na malori, nimeyaona yote kwenye shuka, yakienda na kurudi. Huenda ulisikia umeshaliliwa ukaona aibu kurudi. Huenda hukusikia lolote. Wakati mwingine nasema alikuja akafa njiani, halafu najicheka, maana hiyo nayo ni habari isiyoulizwa.

Mama wa picha alimwachia mjukuu wangu kipande kile kwenye simu. Majirani walikuja kukiangalia mpaka wakachoka, wengine wanasema ni yeye, wengine wanasema sikio tu halitoshi. Mimi sikiangalii. Mtoto wangu yule hana picha hata moja, na huyu anacheka kila ukimbonyeza.

Nimeyaandika haya kwa mkono wangu, kwa herufi nilizopata kwenye kisomo cha watu wazima, na mjukuu amenyoosha pale nilipopinda. Inawezekana nimekosea. Labda hakuwa wa tano, alikuwa wa sita. Labda nilitembea siku mbili na nusu. Labda kuna mtu mwingine, wa kabila lingine, naye alichanwa sikio na akawa na meno yale. Uliyekuwepo bwaloni, au uliyefanya kazi stesheni ile, au ambaye baba yako alibeba gunia mbele au nyuma ya mtu wa kofia, njoo unisahihishe. Ukifika usisimame nje ya uzio. Ingia ndani, ukae, nami nitakuuliza.